Noti Hizi Hazipokelewi

Huenda nawe umewahi kusimama kwenye foleni ya duka ukamsikia mteja aliye mbele yako akiuliza kwa sauti, "Kwani fedha yangu nimeiiba?" Mimi niliyasikia maneno hayo Mwanjelwa, mjini Mbeya, wiki chache baada ya Aprili 5, 2025. Aliyeyasema ni mzee wa rika la babu yangu, aliyekwisha kupimiwa kilo mbili za sukari na kuwekewa mche wa sabuni na pakiti ya chumvi. Alifungua kitambaa akatoa noti za shilingi mia tano, zile za karatasi, laini kama kitambaa chenyewe. Binti wa dukani alizipokea kwa mikono miwili, akazitazama, akazirudisha kwa mikono miwili vilevile. "Samahani, babu. Noti hizi hazipokelewi tena."

Mzee akalaza noti moja mezani, na kando yake akaweka sarafu ya mia tano. Zote mbili zina sura ya Mzee Karume. "Karume huyu mnamtaka, huyu hamumtaki. Amekosa nini?" Watu wakacheka. Binti hakucheka.

Mzee alikuwa na haki ya kuuliza. Sarafu hiyo ilipotoka mwaka 2014, noti haikufutwa; iliendelea kuwa halali kwa miaka kumi, nyingine zikilala sandukuni na chini ya godoro. Kisha Benki Kuu ikatangaza kwamba noti zilizotolewa kuanzia mwaka 1985 hadi 2003, pamoja na ile ya mia tano ya mwaka 2010, zirudishwe na kubadilishwa kati ya Januari 6 na Aprili 5, 2025, kwenye matawi yake na kwenye benki za biashara. Mbeya ina tawi la Benki Kuu. Lakini si kila tangazo humfikia anayeshinda shambani, na ambaye halikumfikia huja kuipata habari hiyo kaunta, mbele za watu, kutoka kwa binti anayeweza kuwa mjukuu wake.

Hapo ndipo sisi wateja tunapokosea. Tunamfokea binti kana kwamba yeye ndiye aliyetunga amri. Jioni tajiri wake huja, hufungua droo na kuhesabu. Fedha zikipungua, maduka mengi hukata mshahara wa msaidizi bila maneno mengi. Kifungu cha 28 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 hakiruhusu mchezo huo. Hasara lazima iwe imetokana na kosa la mfanyakazi mwenyewe, aelezwe kwa maandishi, apewe nafasi ya kujitetea, akubali kwa maandishi, na makato yasizidi robo ya ujira wake. Sawa. Lakini msaidizi asiye na hata mkataba wa maandishi atamwonyesha tajiri kifungu gani?

Iringa, pale Mashine Tatu, ugomvi huwa wa namna nyingine: daftari la mkopo. Mfanyakazi husubiri mwisho wa mwezi, mkulima husubiri mavuno, na wote wawili hupenda kukopa kwa msaidizi mwenye duka asipokuwapo, kwa kuwa kijana huona haya kumnyima mtu mzima. "Andika, baba yako ananifahamu." Anaandika. Tajiri anaporudi, deni linakuwa la kijana.

Siku hizi tena kuna simu. Mteja humwonyesha muuzaji ujumbe kwenye simu yake: fedha imekwenda. Muuzaji husema asubiri ujumbe uingie kwenye simu ya duka. Mteja huvimba, akidhani ameitwa mwizi. Ukweli ni kwamba wapo matapeli wanaotengeneza ujumbe wa uongo, na muuzaji hawezi kuwatambua kwa kuwaangalia usoni.

Nawageukia wenye maduka, maana lawama kubwa naona ni yao. Amri ya malipo huwekwa mlangoni, kwa herufi kubwa, mteja aisome kabla sukari haijapimwa. Mtu aliyekwisha kufungiwa mzigo kisha akakataliwa ameaibishwa, hata kama amri ni ya haki. Na kama mkopo hakuna, basi tajiri naye asiwakopeshe rafiki zake kijana akitazama.

Wasomaji wa umri wangu hawayakumbuki vizuri, lakini wazee wetu wanasimulia foleni za maduka ya RTC miaka ya mwanzo ya 1980, wakati mteja ndiye aliyembembeleza muuzaji, na bidhaa adimu zikiwekwa chini ya kaunta kwa ajili ya wenye kujuana.

Tumrudie mzee wetu wa Mwanjelwa. Binti hakubishana naye juu ya Karume. Alimuuliza ana fedha gani nyingine. Mzee akapekua mfuko wa koti, akapata sarafu zilizotosha chumvi na sabuni. Sukari ikabaki. Binti hakuirudisha kwenye gunia. Aliifunga vizuri akaiweka chini ya kaunta, akamwambia atume mjukuu na noti nyingine. Mzee aliondoka bila kuaga.

Zamu yangu ilipofika nilimuuliza ataitunza hadi lini.

"Hadi saa kumi na mbili," akajibu. "Saa hiyo tajiri huja kuhesabu."