Zana za Mwanzo za Kutengeneza Gari: Kipimo Kitangulie Nguvu

Wahenga walisema kwamba mchagua jembe si mkulima. Methali hiyo ina busara yake shambani, lakini haifai kupelekwa hadi kwenye gari bila kufikiri. Mkulima mwenye jembe bovu atachelewa tu kumaliza ngwe yake. Mtu aliyeingia chini ya gari lililoinuliwa kwa zana isiyofaa huenda asitoke akiwa hai. Siku hizi, magari yaliyokwisha kutumika Japani yameenea hata vijijini kwetu, na vijana wengi pamoja na walimu wao hutamani kufanya wenyewe matengenezo madogo: kubadili gurudumu, betri, plagi, oili na chujio lake. Tamaa hiyo ni njema. Swali ni hili: anayeanza anunue nini kwanza?

Desturi iliyoenea ni kuanza na zana za nguvu: nyundo, koleo, spana chache zisizolingana, na kipande cha bomba cha kurefushia mpini. Kwa maoni yangu, mpango huo umepinduliwa. Zana za kwanza ziwe zile zinazolinda uhai. Za pili ziwe zile zinazopima. Na za kufungulia na kukazia zifuate, tena ziwe chache na za saizi barabara. Sababu zake zimo katika sayansi ileile inayofundishwa katika shule zetu za sekondari.

Tuanze na jeki. Jeki ya mafuta hufanya kazi kwa kanuni iliyoelezwa na Mfaransa Blaise Pascal katika karne ya 17, kwamba kanieneo inayotiwa katika kioevu kilichofungiwa huenea sawasawa pande zote. Ikiwa pistoni ndogo ina eneo la sentimita 1 ya mraba, na kubwa ina sentimita 20 za mraba, basi kani ya newtoni 200 kwenye ile ndogo hutoa newtoni 4,000 kwenye ile kubwa. Hapana muujiza hapo: pistoni ndogo yapasa kusukumwa jumla ya sentimita 20 ili kubwa ipande sentimita 1, nayo kazi inayopatikana haizidi kazi iliyotiwa. Lakini mwanafunzi na ajiulize jambo moja zaidi: uzito wote huo umezuiwa na nini? Umezuiwa na mafuta, na mafuta yenyewe yamezuiwa na pete nyembamba ya mpira na vali ndogo. Pete ikichakaa, gari hushuka.

Ndiyo sababu jeki ni zana ya kuinulia, wala si ya kuegemezea. Kabla ya kununua hata spana moja, anayeanza anunue jozi ya stendi za chuma za kuegemezea gari, zilizoandikwa uzito zinaoweza kuuhimili. Aongeze vigingi viwili vya mbao ngumu vya kuzuia magurudumu yasibingirike, na miwani ya kukinga macho. Tofali la saruji lisitumiwe kamwe badala ya stendi, kwa maana hupasuka ghafla bila kutoa dalili. Na mahali pasipo sakafu ngumu na ya usawa, kazi ya chini ya gari isifanywe.

Baada ya uhai kulindwa, zifuate zana za kupimia. Ya kwanza ni geji ya upepo wa tairi, ambayo bei yake ni ndogo na faida yake ni kubwa. Wengi hupima upepo kwa kuipiga tairi teke au kuitazama kwa jicho, na kwa njia hiyo huwezi kutofautisha kilopaskali 220 na 160. Hata mwenye geji hukosea akipima baada ya safari ndefu. Chukua tairi yenye kilopaskali 220 kwenye geji, katika nyuzi 27 za Selsiasi. Ukijumlisha kanieneo ya hewa ya nje, ambayo ni kama kilopaskali 100, ndani mna 320. Tairi ikipata joto hadi nyuzi 57, yaani kutoka Kelvini 300 hadi 330, na ujazo wake usibadilike sana, kanieneo hiyo hupanda hadi 352, na geji itasoma 252. Anayepunguza upepo kwa kuona namba hiyo ataamka kesho na tairi iliyolegea. Kipimo cha kitabu ni cha tairi baridi.

Ya pili ni mita ya umeme. Betri ya gari ina seli 6, na kila seli iliyojaa hutoa takribani volti 2.1, hivyo betri nzima iliyopumzika husoma karibu 12.6. Ikisoma 12.0, imekaribia kwisha. Injini ikiwa inanguruma, mita isome baina ya 13.8 na 14.5 au karibu na hapo, na katika gari lililo zima kusoma 12.3 injini ikizunguka ni dalili ya kwamba mfumo wa kuchaji haufanyi kazi yake. Ni watu wangapi wamenunua betri mpya wakati ugonjwa ulikuwa kwenye alteneta, au kwenye waya uliolegea? Usomaji wa dakika mbili ungeokoa mshahara wa siku nyingi.

Ya tatu ni spana yenye kipimo cha mkazo. Nati ya gurudumu la gari dogo kwa kawaida hutakiwa kukazwa kwa momenti ya kiasi cha newtoni-mita 100; kiasi halisi kimo katika kitabu cha gari. Kani ya newtoni 350 kwenye spana ya sentimita 30 hutoa newtoni-mita 105. Mtu yuleyule akichomeka bomba la mita 1, hutoa 350, zaidi ya mara tatu ya kiasi kinachotakiwa. Bolti huvutika kama springi, na ikipitishwa kikomo cha unyumbufu wake hairudi tena hali yake ya kwanza. Spana hii si rahisi kwa bei, lakini elimu yaweza kuziba pengo. Mizani ya ndoano ya kilo 50, kama ile ya wafanyabiashara wa sokoni, ikifungwa sentimita 30 kutoka kwenye nati na kuvutwa kwa pembe mraba hadi isome kilo 35, hutoa takribani newtoni-mita 103. Hilo ni zoezi la fizikia, tena ni zoezi linaloweza kuzuia gurudumu lisichomoke barabarani.

Sasa zije spana. Hapana haja ya sanduku la vipande mia. Katika magari mengi ya Kijapani, saizi za milimita 8, 10, 12, 14, 17 na 19 hutosha kwa sehemu kubwa ya kazi, pamoja na 21 kwa nati nyingi za magurudumu. Spana ya mviringo itangulizwe mbele ya spana mdomo, kwani hushika pembe zote sita za nati, ilhali mdomo hushika bapa mbili tu. Na saizi za inchi zisichanganywe na za milimita: nusu inchi ni milimita 12.7, na spana ya 13 itaingia, itacheza, kisha italainisha pembe za nati.

Wako watakaosema kwamba magari ya leo yamejaa kompyuta, hivyo sanduku la zana limepitwa na wakati. Ni kweli kwamba breki, mifuko ya hewa ya usalama na nyaya nene za rangi ya machungwa katika magari ya mseto zisiguswe na anayeanza. Hizo ni kazi za fundi aliyefunzwa. Lakini tairi bado hujazwa hewa, nati bado hukazwa, na kompyuta yenyewe hutegemea betri nzima. Wala fundi hanyang'anywi riziki yake. Mteja anayeweza kusema, "betri yangu inasoma 12.6, ila haichajiwi," humrahisishia kazi, na si rahisi kudanganywa.

Mwaka 1967 Elimu ya Kujitegemea ilitukumbusha kwamba masomo yasitengwe na maisha ya jamii. Kwa hiyo napendekeza kwamba kila shule ya sekondari iwe na sanduku moja la zana hizi katika maabara yake ya fizikia: stendi, geji, mita, mizani, spana chache, na daftari la kuandikia kila kipimo pamoja na tarehe yake. Gari la shule au la mwalimu lipimwe na wanafunzi kila mwezi chini ya uangalizi. Kijana atakayezoea kupima kabla ya kukaza, na kuegemeza kabla ya kuingia chini, amejifunza sayansi kwa mikono yake, naye atarudi nyumbani salama.