Kuficha Hewa Ukaa Baharini ni Kuahirisha Deni

Ndugu msomaji, mtu anayezoa taka za uani kwake akazitupa nyuma ya ua wa jirani hawezi kudai kwamba amesafisha mtaa. Mfano huo unatujia tunapoitafakari rai ya kuitosa hewa ukaa katika kina cha bahari ili kupunguza joto la dunia.

Rai hiyo ilitolewa mwaka 1977 na Cesare Marchetti, mwanasayansi wa Italia, wala haikuwa ya kipuuzi. Hewa ukaa ikishindiliwa hugeuka kimiminika, na ikishushwa zaidi ya mita 3,000 huwa nzito kuliko maji ya bahari, ikazama. Isitoshe, bahari yenyewe hufyonza takriban robo ya hewa ukaa inayotokana na shughuli za wanadamu.

Lakini kuzama si kutoweka. Hewa hiyo ikichanganyika na maji huzaa asidi inayowadhuru viumbe, hasa wanaojenga magamba kwa chokaa. Tena maji ya kina hurejea juu baada ya karne kadhaa, na sehemu ya hewa ile hurejea nayo. Basi deni halikulipwa. Limeandikwa kwa jina la vitukuu.

Jaribio dogo lilipopangwa Hawaii, wenyeji walilipinga. Likahamishiwa Norway, na mwaka 2002 Waziri wa Mazingira, Børge Brende, akalizuia. Mwaka 2006 Itifaki ya London, inayosimamia utupaji wa taka baharini, ilirekebishwa: ikaruhusu kuhifadhi hewa ukaa ndani ya miamba iliyo chini ya sakafu ya bahari, si katika maji yenyewe.

Uadilifu unatutaka tutofautishe mambo hayo mawili. Huko Sleipner, katika Bahari ya Kaskazini, Norway imeizika hewa hiyo miambani tangu mwaka 1996, chini ya tabaka lisilopenyeka kwa urahisi. Aliyezika amana mahali panapokaguliwa si sawa na aliyeitupa mawimbini.

Hatuikatai elimu. Tunachokikataa ni faida kubaki kwa mchomaji wa mafuta, na madhara kumfikia mvuvi ambaye hakushauriwa. Bahari ni amana tuliyokabidhiwa pamoja na wasiozaliwa bado. Dawa ya kwanza ni kupunguza moshi pale unapotoka. Kuficha hakuwezi kuwa badala ya kuacha.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.