Shamba Bondeni, Nyumba Mlimani

Wasomaji wangu, yeyote aliyepata kusimama ufukoni Malindi wakati wa masika ameona jinsi bahari inavyogeuka na kuwa nyekundu kama chungu kipya. Wageni hudhani ni uchafu wa mji. La, ni udongo. Umeletwa na mto Sabaki, ambao huko juu huitwa Athi, ukakutana na mto Tsavo ukaitwa Galana, nao hutufikia sisi watu wa pwani ukiwa umekwisha kuzoa mashamba ya wenzetu wa bara. Kabla ya kufika baharini mto huo hupita Jilore, na katika mwaka wa mvua nyingi hautosheki na kupita, huingia majumbani.

Uliingia mwaka 1961, katika mvua zile kubwa za vuli ambazo zilikata njia sehemu nyingi za Kenya hata watu wakadondoshewa chakula kwa ndege. Ukaingia tena katika mvua za El Niño za 1997 na 1998. Mwezi wa Aprili 2018 ulivunja kingo zake na maelfu ya watu wa Malindi na Magarini wakahama na kulala kambini. Kisha zikaja mvua za Novemba 2023, wakati barabara ya Mombasa na Malindi yenyewe ilipokatika pale Mbogolo. Mwenye kuzitazama tarehe hizi hawezi kusema kwamba gharika ni mgeni asiyejulikana.

Nataka leo tuzungumze habari za siku zinazofuata, maji yakiisha kupungua, kwa maana hizo ndizo siku ambazo magazeti huwa yamekwisha kugeukia habari nyingine.

Nyumba ya udongo haifi yote mara moja. Maji hulainisha ukuta, udongo humong'onyoka vipande vipande, hata zikabaki nguzo na fito zimesimama kama mbavu za ng'ombe aliyekufa njaa. Mwenyewe akirudi humkuta nyoka jikoni na tope la magoti mahali alipokuwa akilala. Mahindi yaliyowekwa katika uchaga juu ya meko, pale ambapo moshi huyalinda na wadudu, huenda yakasalimika ikiwa maji hayakufika huko. Yale ya guniani sakafuni yamekwisha kuchipuka na kunuka. Kuku wamekwenda. Kisima kimejaa maji ya mto pamoja na ya vyoo, na mtu anywaye bila kuchemsha hutafuta kipindupindu kwa hiari yake mwenyewe. Basi kazi ya kwanza si kujenga, bali ni kusafisha kisima na kuchimba choo kipya mbali nacho. Ukuta wangoja, tumbo la mtoto halingoji.

Sasa lipo swali ambalo watu wa mjini hupenda kuliuliza, nao huliuliza kwa sauti ya mtu aliyekaa juu ya kiti kikavu: "Kwa nini watu hawa hawahami?" Jibu liko chini ya miguu yao. Tope lile lililoibomoa nyumba ndilo rutuba. Maji yakiondoka huacha ardhi nyeusi yenye unyevu, na mahindi, kunde, mabamia na migomba hustawi humo kuliko mahali pengine po pote kwa maili nyingi. Hata Ziwa Jilore, lenye kuwapa watu samaki, hunywa maji yake katika mafuriko ya mto huo huo. Mto usipofurika, ziwa hukauka. Zaidi ya hayo, mtu wa Jilore akigeuka nyuma akimbie, ataona nini? Ataona msitu wa Arabuko-Sokoke, kilomita za mraba zipatazo 420, ambao ni hifadhi, wala haruhusiwi mtu kujenga humo. Mbele maji, nyuma msitu, na katikati ukanda mwembamba wa mwinuko ambao una wenyewe tayari. Wagiriama wanajua thamani ya bonde la Sabaki. Baada ya vita vya 1914 Serikali ya Waingereza iliwaamuru wahame nchi ya kaskazini ya mto, wakapata taabu na njaa, na baadaye wakarudi. Watu ambao hawakuliacha bonde kwa amri ya bunduki hawataliacha kwa shauri la karani.

Wala kuhamisha watu wote si dawa. Jirani zetu wa Tanzania walijaribu. Mwaka 1968 mto Rufiji ulifurika vibaya, na baada ya hapo Serikali ikawatoa watu bondeni ikawaweka katika vijiji vipya vya mwinuko. Nyumba zilipona, lakini mashamba yalikuwa mbali. Nguruwe-mwitu na nyani wakala nafaka isiyokuwa na mlinzi. Ikawa wakati wa kilimo watu hurudi bondeni na kukaa katika madungu, yaani vibanda vilivyoinuliwa juu ya nguzo.

Maoni yangu, basi, ni haya, na asiyekubaliana nami aniandikie. Jilore si Rufiji. Kutoka mtoni hadi mwinukoni si safari ya siku. Shamba na libaki bondeni, na dungu la kulindia ndege na nyani liwe huko. Lakini nyumba, yaani mahali alalapo mama na watoto, iliposimama mifupa tu isikandikwe tena pale pale. Ijengwe juu, ingawa ni ndogo, ingawa kwa kuomba kiwanja kwa mjomba au shemeji. Jambo hili la kiwanja ndilo zito, nami sitaki kulipita kama kwamba ni rahisi. Mwenye mwinuko huogopa kwamba aliyemkaribisha kwa masika moja hataondoka tena, na mwenye kuomba huogopa kuitwa mpangaji katika nchi ya babu zake. Wazee waliwekee mapatano mbele ya mashahidi, kwa maandishi, wakati wa jua kali. Mapatano ya usiku wa gharika huzaa kesi.

Kuna sababu nyingine ya kutokuweka mali yote mahali pamoja, nayo yatoka Unguja. Tufani yenyewe ya baharini haitufikii sana huku Jilore, kwa kuwa tuko karibu na ikweta, kama digrii 3 tu, na huko mzunguko wa dunia hauna nguvu ya kutosha kuuzungusha upepo. Kusini yetu ni mbali na hivyo: Lindi ilipigwa mwaka 1952, na Mei 2024 tufani iitwayo Hidaya ilifika Mafia. Lakini iliyoacha jina ni ile ya tarehe 15 Aprili 1872. Katika Unguja sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi iling'olewa, na merikebu za Seyyid Barghash zikavunjika bandarini. Pemba ilinusurika. Mkarafuu hukaa miaka sita, saba au zaidi kabla ya kuzaa. Kwa hiyo tajiri aliyekuwa na mashamba Unguja tu alipanda akangoja, na mwenye miti Pemba akauza kwa bei ya juu. Tangu hapo Pemba ndiyo iliyoongoza kwa karafuu. (Na tusisahau kwamba mikono iliyopanda upya ilikuwa ya watumwa, ambao hakuna aliyewauliza wamepoteza nini.)

Mkulima wa Jilore anaweza kuwa na Pemba yake. Mikorosho na miembe michache juu ya mwinuko haijali mto. Mivinje pia: ipandwe sasa, na baada ya miaka mitano hivi itakuwa nguzo za kujengea, bila kwenda kuvizia msitu wa hifadhi.

Nanyi makarani mlioko Mombasa na Nairobi, najua kwamba mnapeleka fedha nyumbani mkisikia habari za mafuriko. Mnafanya vema. Ila fedha nyingi hufika wakati wa kambi, ambapo unga huletwa pia na wengine, nazo huwa zimekwisha wakati maji yanapopungua. Hapo ndipo pana majuma machache tu ya kupanda kabla tope halijakauka likapasuka, na mzazi wako hana mbegu wala jembe. Wekeni sehemu ya siku hiyo. Na mkienda likizo, chukueni sanduku moja la bati lenye kifuniko kizuri, mtie humo vyeti vya shule vya watoto, hati za shamba na vitambulisho, mlipeleke kwa shangazi anayekaa juu mlimani.