MABOSI, MPIMENI KIJANA KWA KAZI!

Eti kijana wa Tandika au Manzese hafai kufunga mfumo wa hesabu wa kampuni mpaka awe na cheti cha SAP au Oracle! Ada ya mtihani ni dola. Hela hiyo inalipa chumba uswahilini miezi kadhaa. Serikali yenyewe ilitumia Epicor miaka na miaka. Kufikia 2022 ilishahamia MUSE, mfumo uliosukwa na Watanzania. Cheti cha Epicor hapo kinamsaidia nini mwenyewe?

Makanjanja wapo, sikatai. Wakivuruga mishahara, anayelala njaa ni mlalahoi. Lakini mbona VETA humpima fundi gereji aliyejifunzia mtaani kwa kazi ya mikono yake, kisha ikampa cheti? Mabosi wa Posta, mpeni kijana hesabu za mwezi mmoja azifunge mkimwona.