Kivuko cha Likoni na somo la atomi

Anayevuka kivuko cha Likoni alfajiri huona umati usio na safu. Si gwaride la askari, wala si vurugu tupu, kwani kila mtu ana majirani wa bega kwa bega, na nafasi baina yao haitofautiani sana. Ningependa walimu wa fizikia wa Likoni, Kisauni na Changamwe wautumie mfano huu darasani.

Silikoni ya fuwele ndiyo gwaride. Silikoni isiyo fuwele ndiyo umati: takriban kila atomi imeshikana na jirani nne, lakini pembe zimepindapinda, na ukitazama mbali utaratibu hutoweka. Atomi chache hukosa jirani wa nne, na kifungo kilichobaki wazi hunasa umeme. Ndiyo sababu watengenezaji huongeza haidrojeni ili izibe mapengo hayo.

Mambo haya si ya wataalamu wa ng'ambo peke yao. Ukanda mweusi ulio juu ya kikokotoo cha mwanafunzi aghalabu ni silikoni ya aina hiyo. Aidha, katika miaka ya 1990 Wakenya wengi walinunua paneli ndogo za jua zilizotengenezwa nayo, nyingi za wati 12 hivi. Nguvu za paneli hizo hupungua katika miezi ya kwanza juani, kwa sababu nuru yenyewe huzidisha vifungo vilivyo wazi. Athari hiyo ilielezwa na Staebler na Wronski mwaka wa 1977. Mnunuzi asiyeijua hawezi kupambanua maumbile ya kitu na ulaghai wa mwuzaji.

Najua nitaambiwa kwamba shule nyingi hazina tarakilishi za kuigiza atomi. Udhuru huo haunitoshelezi. Wooten, Winer na Weaire walitangaza mwaka wa 1985 njia ya kuvuruga fuwele ya atomi 216 ndani ya tarakilishi. Lakini miaka 14 kabla yao, Polk alikuwa ameunda kwa mikono kiolezo cha atomi 440 hivi.

Kwetu sisi, chelewa za mnazi na vidonge vya udongo vyatosha. Kanuni ni moja: kila kidonge chelewa nne. Wanafunzi wapime pembe, kisha wahesabu pete. Katika fuwele watapata pete za vidonge sita. Katika umati watakuta pia za vitano na saba.

Yamkini mtihani hautauliza hayo. Hata hivyo, mwanafunzi aliyeshika atomi mkononi hatakariri tena bila kuelewa. Mgaagaa na upwa hali wali mkavu.