Ziwa lisilo na mlango wa kutokea

Ziwa Rukwa halina mto unaotoka. Momba, Songwe, Kavuu na vijito vinavyoporomoka kutoka uwanda wa Ufipa vyote huishia humo. Maji hupaa na jua, sumu hubaki.

Ndiyo maana shamba la Milanzi, uwandani Sumbawanga, na machimbo ya dhahabu ya Chunya ni suala la mvuvi wa bondeni pia. Huko Chunya, mchimbaji mdogo hunasa dhahabu kwa zebaki, kisha huichoma. Mvuke anauvuta mwenyewe, na mabaki husombwa na mvua hadi mtoni. Ndani ya tope, vijidudu huigeuza zebaki kuwa sumu kali zaidi, inayojilimbikiza katika samaki na kudhuru mishipa ya fahamu, hasa ya mtoto aliye tumboni. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2020, lakini zebaki bado inatumika.

Uwandani nako kuna la kusema. Wafipa walifukia nyasi ndani ya matuta ya intumba, zikaoza na kurutubisha udongo palepale shambani. Leo mbolea za dukani na dawa za wadudu humwagwa hadi ukingoni mwa mto, ingawa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli zinazoharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo huo.

Manispaa ya Sumbawanga na Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Rukwa ziweke alama za mita hizo kabla mvua za Novemba hazijaanza.