Shauri juu ya Chakula Kinachopotea Nyumbani



Kila mwaka, mpunga ukishavunwa, nyumba zetu huwa na furaha. Wali hupikwa tele, watu hula wakashiba, na unaobaki hulala mpaka asubuhi ukachacha, ukatupwa jaani. Ikifika Februari, watu wale wale hununua mchele dukani kwa bei kubwa kupita ile waliyouzia wenyewe. Ndipo husema, "Mvua imetukosea." Mara nyingine ni kweli: mafuriko ya Aprili 2024 yaliharibu mashamba mengi ya Rufiji na Kibiti, wala halikuwa kosa la mkulima. Lakini mtu asiye na amri juu ya mto anayo amri juu ya chungu chake. Nionavyo mimi, sehemu ya njaa ya masika twaipika wenyewe wakati wa mavuno.

Natufanye hesabu. Nyumba ikipoteza robo ya kibaba cha mchele kila siku, kwa siku 240, yaani yapata muda wa tangu Julai hata mwisho wa Februari, imepoteza vibaba 60. Vibaba 4 ni pishi moja. Basi hizo ni pishi 15, yapata kilo 40.

Twazoea kuwalaumu wanawake kwa hasara hii. Mimi siafiki. Mume auzaye magunia bila kujua nyumba yake yala kiasi gani hana haki ya kumgombeza mpishi. Hesabu ianze ghalani: mume na mke wahesabu pamoja, watenge chakula cha kufikia mavuno mengine, kisha ndipo wauze.

Wengine watasema kupima ni ubahili, na mgeni akija atakula nini? Mgeni huheshimiwa kwa chakula alichokula, si kwa kilichomwagwa. Tena mgeni wa Machi naye ni mgeni.

Basi yafaa kufanya hivi:

1. Pimeni mchele kwa kibaba au kopo lile lile kila siku. Chakula kikibaki leo, kesho punguzeni.

2. Muhogo mtamu uacheni ardhini mpaka siku ya kuupika, maana ukichimbwa huharibika kwa siku mbili tatu. Uliozidi umenyeni, mkaukate na kuuanika juani uwe makopa.

3. Sokoni nunueni nyanya na mboga za siku mbili tu. Fungu la bei nafuu likioza nusu, si nafuu tena. Samaki aliyezidi abanikwe kwa moshi, au apasuliwe, atiwe chumvi na kuanikwa siku ile ile, kabla hajaanza kunuka.

4. Mahindi na karanga vikauke sana, kisha viwekwe juu ya chanja, mbali na unyevu. Vilivyoota ukungu msile, wala msiwape kuku. Mwaka 2016 sumu ya ukungu katika mahindi iliua watu mikoa ya Dodoma na Manyara. Kuokoa chakula si kula kilichoharibika.

Wahenga walisema akiba haiozi. Lakini wali uliokwisha kupikwa huoza. Akiba ni ule mchele uliorudishwa ghalani kabla ya kutiwa chunguni. Anzeni jioni ya leo, kwa kibaba kimoja.